"Zilipendwa" na "Zilikuwa Zinapendwa": Lugha ya Vipindi vya Chati Redioni na Hamu ya Wakati Uliopita

1.0 Utangulizi

Hamu ya vipindi vya zamani vya redio huelezwa kwa kawaida kama suala la muziki. Husemwa kwamba watu waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 na 1980 wanazitamani nyimbo za ujana wao, na kwa kuwa nyimbo hizo walizisikia redioni, basi wanaitamani redio pia. Maelezo hayo yana upungufu mmoja mkubwa. Sehemu kubwa ya nyimbo zenyewe haijapotea. Anayetaka kusikiliza wimbo uliovuma mwaka 1975 anaweza leo kuupata katika muda mfupi kuliko ule uliohitajika zamani kutafuta mawimbi ya kituo. Ikiwa kinachotamaniwa ni nyimbo, hamu hiyo ingalikwisha zamani. Haikwisha. Kwa hiyo kinachotamaniwa ni kitu kingine, na kitu hicho kinafaa kutafutwa katika maneno yaliyozizunguka nyimbo.

Makala haya yanachunguza kipindi cha chati, yaani kipindi cha redio ambamo nyimbo zinazopendwa katika wiki fulani hupigwa kwa kufuata nafasi zao, kuanzia ya chini hadi ya juu. Mfano mkuu ni American Top 40 cha Marekani, kwa sababu ndicho kipindi cha aina hiyo ambacho historia yake inafahamika vizuri na ambacho kinaendelea kurudiwa hewani. Baadaye kipindi hicho kinalinganishwa na vipindi vya salamu vya Afrika Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba wasikilizaji hawautamani wakati uliopita kama ulivyo baada ya kupita. Wanaitamani hali ya kuwa ndani ya wakati huo kabla matokeo yake hayajajulikana, wakiwa mahali panapotajwa kwa jina. Hoja hiyo ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kijamii, na Kiswahili kina nyenzo nzuri za kuieleza.

2.0 Istilahi na Njeo

Neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya kwa hamu ya aina hii liliundwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu katika mji wa Basel, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kurudi nyumbani na maumivu. Kwa Hofer, huo ulikuwa ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Ni baadaye tu ndipo neno lilipohama kutoka mahali na kuelekea wakati. Kiswahili hakina neno moja lenye uzito huo. Kina hamu, shauku, na kukumbuka kwa majonzi. Katika uwanja wa muziki, hata hivyo, kina neno lake ambalo halikukopwa kutoka popote, nalo ni zilipendwa.

Neno hili linastahili kuchambuliwa. Kimofolojia si nomino bali ni sentensi kamili: zi-li-pend-w-a. Kiambishi zi- kinarejelea nyimbo. -Li- ni njeo ya wakati uliopita. Mzizi ni -pend-. -W- ni alama ya kauli ya kutendwa. Sentensi nzima imegeuka kuwa jina la aina ya muziki, kiasi kwamba mtu anaweza kusema "anapiga zilipendwa" bila kuhisi kwamba ametumia kitenzi mahali pa nomino. Nchini Kenya umbo linalosikika zaidi ni zilizopendwa, lenye kirejeshi -zo-, ambalo kisarufi limekaribia zaidi tabia ya nomino. Maumbo yote mawili yanashirikiana katika mambo mawili. Kwanza, mtenda hatajwi: nyimbo zilipendwa, lakini haisemwi na nani. Pili, njeo imeuweka upendo wenyewe katika wakati uliopita, ingawa anayeuomba wimbo huo leo anauomba kwa sababu bado anaupenda. Umbo lenye -me- lingeonyesha hali inayoendelea kugusa sasa, lugha haikulichagua.

Chati, kwa upande wake, ni orodha ya nyimbo zinazopendwa. Njeo yake ni -na-. Haisemi lolote kuhusu wimbo utakaodumu, bali husema ulipofika wiki hii. Basi nini hutokea kipindi cha chati cha mwaka 1976 kinaporudiwa hewani leo? Hapo hatupati zilipendwa, kwa sababu mtangazaji anasema "wiki hii" na "kwa sasa". Wala hatupati zinazopendwa, kwa sababu msikilizaji anajua kwamba wiki hiyo ilikwisha. Tunachopata kinahitaji kitenzi changamano cha Kiswahili: nyimbo zilikuwa zinapendwa. Kitenzi cha kwanza kinatupeleka nyuma. Cha pili kinatuweka ndani ya tendo likiwa bado halijakamilika.

Tofauti hii ina matokeo yanayosikika. Kipindi cha zilipendwa huchagua nyimbo ambazo muda umekwisha kuzichuja. Marudio ya chati hayachagui. Ndani yake umo wimbo ulioingia katika nafasi ya 38, ukakaa wiki mbili, ukatoweka, na haukumbukwi na yeyote ila waliousikia wakati huo. Wimbo uliokuja kuwa maarufu duniani kote unaweza kuwa bado uko katika nafasi ya 27, na mtangazaji hajui utafika wapi. Msikilizaji wa leo anajua. Kutojua kwa mtangazaji ndiko kunakomgusa.

3.0 Kipindi cha Chati kama Utanzu wa Mazungumzo

American Top 40 kilianza kutangazwa mwishoni mwa wiki ya tarehe 4 Julai 1970, katika vituo 7 tu. Kilitegemea chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard, iliyoanza kuchapishwa mwezi Agosti 1958. Mtangazaji wake, Casey Kasem, alikuwa pia miongoni mwa waasisi wake. Mwanzoni kipindi kilichukua saa 3. Mwaka 1978 kiliongezwa kuwa saa 4, kwa kuwa nyimbo zenyewe zilikuwa zimerefuka. Kasem alikiacha mwaka 1988, kikasitishwa mwaka 1995, na kikarudi naye mwaka 1998 hadi alipokabidhi kiti kwa Ryan Seacrest mwaka 2004. Kasem alifariki mwezi Juni 2014. Wakati huo marudio ya vipindi vyake vya miaka ya 1970 na 1980 yalikuwa yamekwisha kupata wasikilizaji wapya katika redio ya setilaiti na katika vituo vya kawaida.

Muundo wa kipindi ulisimama juu ya mpangilio uliopinduliwa. Katika kipindi cha kwanza kabisa, wimbo uliotangulia kupigwa ulikuwa "The End of Our Road" wa Marvin Gaye, uliokuwa katika nafasi ya 40. Uliohitimisha ulikuwa "Mama Told Me (Not to Come)" wa Three Dog Night, uliokuwa katika nafasi ya 1. Hapa mtangazaji wa Kiswahili hukabiliwa na utata. Maneno "wimbo wa kwanza" yanaweza kumaanisha uliotangulia kupigwa au unaoongoza kwa daraja, na katika kipindi cha chati maana hizo mbili ziko katika ncha mbili zinazopingana. Ndiyo sababu watangazaji wa Kiswahili huikwepa fasiri hiyo na kusema wimbo "unashika nafasi ya kwanza" au "ni namba moja". Neno nafasi, ambalo asili yake inahusu wasaa na mahali, hutenganisha daraja na mfuatano wa wakati. Vitenzi vinavyoandamana nalo, yaani kupanda, kushuka, kuingia na kutoka, huufanya wimbo kuwa kitu kinachosafiri juu ya ngazi.

Mbinu ya pili ilikuwa kuahirisha. Kasem alizoea kuanza kisa cha mwanamuziki fulani bila kumtaja, akaeleza taabu au kioja kilichompata, kisha akaenda katika matangazo ya biashara. Jina lilitolewa baada ya kurejea. Msomi wa fasihi simulizi hatashindwa kuutambua muundo huo, kwa kuwa ni ule wa kitendawili. Mtegaji hutega, msikilizaji huwazia, anaposhindwa, mtegaji hudai mji, apewe, auzuru na kuusifu, na ndipo jibu litolewe. Muda wa kutolewa mji ndio unaolifanya jibu liwe na thamani. Katika redio ya Marekani mji ulitolewa kweli. Kanuni za utangazaji za nchi hiyo hudai kila kituo kitaje, karibu na mwanzo wa kila saa, herufi zake za utambulisho pamoja na jina la mji kilikosajiliwa. Kwa hiyo kati ya kisa kilichokatizwa na jibu lake, msikilizaji aliweza kusikia jina la mji wake.

4.0 "Hapa" Mbili: Nafasi ya Kituo cha Mahali

Karl Bühler, katika kazi yake ya mwaka 1934, alieleza kwamba usemi wote hupimwa kutoka kitovu kimoja chenye nguzo tatu, yaani mimi, hapa na sasa. Maneno ya uelekezi hayana maana kamili mpaka ijulikane nani anasema, wapi na lini. Redio ilikivuruga kitovu hiki, kwani anayesema na anayesikia hawako mahali pamoja. Kipindi cha chati kilikivuruga zaidi. Kilirekodiwa Los Angeles kabla ya siku ya kutangazwa, kikatiwa katika santuri, na santuri hizo zikasafirishwa hadi kwenye vituo. Kila kituo kilizipiga kwa saa kilizozipenda, kikijaza mapengo kwa matangazo na utambulisho wake. "Sasa" ya Kasem ilikuwa imekwisha kupita kabla haijasikika popote, na "hapa" yake haikuwa hapa pa msikilizaji yeyote. Kituo ndicho kilichoikamilisha sentensi kwa kutia mji.

Kazi hiyo ya kituo ilikuwa na historia ndefu kuliko kipindi chenyewe. Mtindo wa kurudia nyimbo chache zinazopendwa hunasibishwa na Todd Storz na kituo chake cha KOWH mjini Omaha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tangu hapo vituo vingi vilitunga chati zao wenyewe na kuzichapisha katika vikaratasi vilivyogawiwa katika maduka ya santuri. WLS ya Chicago ilianza kutoa chati yake mwaka 1960. KHJ ya Los Angeles ilikuwa na yake tangu mwaka 1965. Wimbo ulioshika nafasi ya 1 katika mji mmoja uliweza kuwa wa 15 katika mwingine, au usijulikane kabisa. Kwa hiyo kauli "huu ndio wimbo unaopendwa zaidi" ilikuwa na kijalizo ambacho hakikuhitaji kutamkwa: hapa kwetu.

Kuondoka kwa hali hiyo kulikuwa kwa hatua. Muziki ulihamia katika masafa ya FM, na tarehe 10 Mei 1982 WABC ya New York, iliyokuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya muziki nchini humo, iliacha kupiga nyimbo na kugeukia mazungumzo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki katika nchi nzima, na ikaruhusu hadi vituo 8 katika soko moja kubwa. Baada ya miaka michache kampuni moja ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200. Pamoja na umilikaji huo ilienea desturi ya mtangazaji mmoja kurekodi sauti yake kwa ajili ya vituo vya miji kadhaa ambayo hakai ndani yake. Kiisimu, hili ni badiliko kubwa. Zamani sauti iliyotoka mbali ilikiri kwamba imetoka mbali, na ya karibu ilikuwa ya karibu. Sasa sauti ya mbali ikajifunza kusema "hapa".

Lugha iliyotumika iliirahisishia kazi hiyo. Kiwakilishi cha nafsi ya pili cha Kiingereza hakitofautishi umoja na wingi, hivyo mtangazaji anayesema na mamilioni huonekana anasema na mmoja. Donald Horton na Richard Wohl waliuchunguza ukaribu wa namna hiyo mwaka 1956 na kuuona kama uhusiano wa upande mmoja. Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua kati ya unasikiliza na mnasikiliza, kati ya mpenzi msikilizaji na wapenzi wasikilizaji. Watangazaji wengi hubadilishana maumbo hayo mawili katika kipindi kimoja: wingi wakati wa kufungua na kufunga, umoja wanapotaka kumsogeza msikilizaji karibu. Ukaribu unaofichika katika sarufi ya Kiingereza huonekana wazi katika Kiswahili.

5.0 Salamu: Mfano wa Afrika Mashariki

Mwaka 1978 American Top 40 kilianzisha sehemu ya barua ambamo msikilizaji alimwombea wimbo mtu aliye mbali naye. Barua chache zilichaguliwa kwa uzito wa visa vyake, zikasomwa kwa sauti ya taratibu. Msikilizaji wa Afrika Mashariki angeitambua desturi hiyo mara moja, ingawa kwake ilikuwa imechukua sura nyingine.

Tanganyika ilianza utangazaji kwa Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Nchini Kenya, Sauti ya Kenya ilianza mwaka 1964 na kubadilishwa jina mwaka 1989. Kwa miongo kadhaa idhaa hizi hazikuwa za mji mmoja, bali za taifa zima. Tanzania Bara haikuwa na redio za kibiashara hadi baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Kwa hiyo "hapa" ya mtangazaji ilikuwa ya nchi, na sauti za tarafa au kijiji hazikuwa na kituo chao.

Pengo hilo lilizibwa na kadi ya salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaijaza jina lake, anwani yake, majina ya anaowasalimu na mahali walipo, akaongeza ujumbe mfupi na wimbo anaoutaka. Mtangazaji aliisoma kadi kwa kanuni iliyozoeleka: fulani wa sanduku la posta fulani anawasalimu fulani na fulani, popote pale walipo, na ujumbe wake unasema hivi. Majina ya vijiji, mashule, mashamba na vituo vya kazi yalitajwa kwa wingi hewani kwa njia hii kuliko njia nyingine yoyote. Baadhi ya watuma salamu walijulikana nchi nzima kwa majina ya kupanga, wakaunda vyama vyao, na wakasalimiana kwa miaka bila kuonana.

Umbo popote pale walipo linafaa kutazamwa kwa makini. Viambishi vya mahali vya Kiswahili hutofautisha -po- ya mahali bayana, -ko- ya mahali pasipo bayana, na -mo- ya ndani. Msemaji asiyejua mwenzake alipo angetegemewa kutumia -ko-, na kwa kweli popote ni neno la kutojua. Lakini kanuni ya salamu ikaimarisha neno hilo kwa pale, na kulifunga kwa -po-. Usemi mzima unasema kwamba hapajulikani, lakini ni mahali halisi, na salamu itafika. Ni vigumu kuifafanua kazi ya redio kwa maneno machache kuliko hayo.

Hapa ndipo tofauti ya mifumo miwili inapojidhihirisha. Marekani, kipindi cha taifa kilijengwa kwa kupitia katika vituo vya mahali, na kila kituo kikatia mji wake. Tanzania na Kenya, mahali palijengwa na wasikilizaji wenyewe ndani ya kituo cha taifa. Kule majina ya watu yalikuwa kisindikizo cha namba. Huku wimbo ulikuwa kisindikizo cha majina. Hata hivyo kilichotamaniwa baadaye ni kimoja: kusikia jina la kwenu likitamkwa, kwa wakati mmoja na wengine, na mtu asiyejua kitakachofuata.

6.0 Kilichohifadhiwa na Kilichopotea

Svetlana Boym, katika kazi yake ya mwaka 2001, alitofautisha hamu inayotaka kulijenga upya lililobomoka na hamu inayotafakari kubomoka kwenyewe. Tofauti hiyo inasaidia kuuliza swali la ushahidi. Tunaweza kulirudia nini, na kwa sababu gani hilo na si jingine?

American Top 40 kinarudiwa leo kwa sababu kilikuwa bidhaa. Kilitiwa katika santuri, na nyingi kati ya santuri hizo zilibaki mikononi mwa wakusanyaji. Maneno ya kituo cha mahali, yale yaliyotia mji ndani ya mapengo, yalisemwa moja kwa moja na kwa kawaida hayakurekodiwa. Marudio ya leo yana mapengo yaleyale, lakini mapengo hujazwa na matangazo ya leo. Ndivyo ilivyokuwa Afrika Mashariki pia. Sehemu kubwa ya nyimbo za dansi za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980 zilirekodiwa katika studio za redio ya taifa, na kanda zake zikatunzwa kwa sababu zilihitajika kupigwa tena. Kadi iliyokwisha kusomwa haikuhitajika tena. Sauti iliyoisoma ilipita na upepo.

Matokeo yake ni kwamba hamu ya leo hulishwa na nusu moja tu ya mazungumzo. Zilipendwa zipo, mazingira ya kimazungumzo ambamo zilikuwa zinapendwa hayapo. Anayesikiliza wimbo wa bendi ya zamani bila kadi iliyoutangulia amepata jibu la kitendawili bila kutegewa.

Inaweza kupingwa kwamba umoja wa wasikilizaji hao ulikuwa wa kuwaziwa tu, kwa kuwa hata kipindi cha Kasem hakikusikika kwa saa moja kila mahali. Ni kweli. Lakini uelekezi wa lugha haudai ukweli wa saa, hudai makubaliano. Wasikilizaji walikubali kuiita wiki hiyo "wiki hii", na hakuna aliyeweza kuruka mbele kutazama namba moja. Kutoweza kuruka ndiko kulikowaweka pamoja. Anayechagua wimbo mwenyewe leo ana uhuru ambao wazazi wake hawakuwa nao, lakini hawezi kujitegea kitendawili.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hamu ya vipindi vya chati na vituo vya mahali ina msingi katika njeo na uelekezi. Kipindi cha zilipendwa humpa msikilizaji matokeo. Marudio ya chati humrudisha kabla ya matokeo. Kituo cha mahali, au kadi ya salamu pale ambapo kituo hicho hakikuwapo, ndicho kilichoipa "hapa" maana yake.

Liko jambo la kufanywa kabla halijachelewa. Katika nyumba nyingi mna kaseti ambazo wasikilizaji walirekodi nyimbo kutoka redioni. Wenyewe walichukizwa na mtangazaji aliyeendelea kusema juu ya mwanzo wa wimbo, na wengi walijaribu kumkata. Pale waliposhindwa, sauti yake imebaki. Kwa mtafiti wa Kiswahili cha utangazaji, sekunde hizo chache ndizo data, na wimbo unaofuata ni ziada. Utepe wa kaseti hizo unaharibika, na wanaoweza kueleza ni nani aliyekuwa akisalimiwa wanazeeka. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada hawana haja ya kwenda mbali. Waanze kwa kuuliza nyumbani kwao ni kaseti zipi ambazo hazijatupwa.